Lumbesa ya angani: ndege ni gunia, abiria ndio viazi



Najua nimepotea. Ukurasa huu umeota nyasi kwa wiki tatu, manake baada ya mitihani nilikwenda nyumbani Idodi, na nyumbani ukionekana umeshika kitabu wakati wenzako wameshika jembe unaulizwa unaumwa nini. Sasa nimerudi hapa Mkwawa. Bumu bado halijaingia, ila kwenye vimbweta nimekuta mjadala ulionikera mpaka nikaona nisipoandika sitalala.

Mjadala wenyewe ni wa siti za ndege. Msicheke! Jamaa mmoja wa mwaka wa tatu, mtu ninayemheshimu na anayesomea kufundisha uchumi, alitoa kauli hii mbele ya watu: "Daraja la kawaida ni la kawaida. Ukitaka kunyoosha miguu kalipie biznesi. Kama huna hela kunja magoti, ushukuru umefika." Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga, na leo nataka kueleza kwa nini.

Kwanza niwajibu wale wanaosema, "Wewe wa Idodi ndege inakuhusu nini?" Inanihusu. Kijiji chetu kipo njia ya kwenda hifadhi ya Ruaha, vindege vya watalii vinapita juu ya mashamba yetu ya mpunga tangu sijazaliwa. Tena ndege kubwa za taifa zimenunuliwa kwa kodi, na kodi hiyo imo kwenye sabuni anayonunua mama yangu pale dukani. Kwa hiyo hata asiyewahi kukanyaga uwanja wa ndege ana haki ya kuuliza siti ikoje. Halafu kuna sababu ya tatu, nitaifikia.

LUMBESA NI NINI?

Kwa ambao hawatoki nyanda za juu kusini, ngoja nieleze. Mkulima anauza gunia moja la viazi. Mnunuzi anakuja na gunia lake, analijaza mpaka mdomoni, halafu juu yake anashonea kilemba cha kamba na kukijaza nacho. Vinaingia viazi vya gunia moja na kitu, lakini bei inabaki ya gunia moja. Sheria ya vipimo inasema gunia la mazao lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wamehangaika na jambo hili miaka nenda rudi. Nenda Njombe, nenda Mbeya, njoo kwetu Iringa, hakuna mkulima asiyelijua neno lumbesa.

Angalieni wizi huu unavyofanyika. Hakuna mlango uliovunjwa wala mtu aliyekabwa. Kilichofanyika ni kwamba jina limebaki lile lile na kipimo kimebadilishwa. Gunia linaendelea kuitwa gunia.

Sasa hamia kwenye ndege. Siti ya daraja la kawaida inaitwa hivyo tangu enzi za wazee wetu. Ndege ni gunia, abiria ndio viazi, na kila mwaka anatokea mtu wa kushona kilemba.

TUPIME BASI

Mimi ni mwanafunzi wa Hesabu na Jiografia, siwezi kulalamika bila namba. Siti ya ndege ina vipimo viwili vikubwa. Kuna nafasi ya kwenda mbele, yaani unapima kutoka mahali fulani kwenye siti yako mpaka mahali hapo hapo kwenye siti ya mbele yako. Halafu kuna upana, kutoka egemeo moja la mkono mpaka la pili. Vyote vinatajwa kwa inchi.

Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ya Washington ilitoa uamuzi kwenye kesi ambayo chama cha kutetea abiria, Flyers Rights, kiliifungulia mamlaka ya anga ya Marekani, FAA. Jaji Patricia Millett aliandika kwamba hiyo ni kesi ya siti ya ajabu inayosinyaa. Kwenye uamuzi zikatajwa namba hizi: nafasi ya mbele imeshuka kutoka wastani wa inchi 35 mpaka 31, na kwenye baadhi ya ndege imefika 28. Upana nao ulikuwa inchi 18.5 hivi mwanzoni mwa miaka ya 2000, ukashuka mpaka 17 ndani ya miaka kama 10 tu.

Inchi kwa wengi wetu hazina maana, kwa hiyo nikaziweka kwenye sentimita. Inchi 35 ni kama sentimita 89. Inchi 31 ni kama 79. Inchi 28 ni 71. Halafu nikaenda kuazima tepu kwa fundi cherehani, nikakaa nimeegemea ukuta wa bweni, mwenzangu wa chumbani akanipima kutoka ukutani mpaka mwisho wa goti. Sentimita 64! (Mnaonifahamu mnajua urefu wangu, mlingoti wa bendera unasubiri.)

Fanya hesabu. 71 toa 64 unabaki na 7. Ndani ya hizo sentimita 7 uingie unene wa mgongo wa siti yenyewe, kijitabu cha usalama, na pumzi yangu. Hapo jirani wa mbele hajalaza siti yake. Akilaza, goti langu linakuwa sehemu ya siti yake.

Na kama mnadhani 28 ndio mwisho, subirini. Mwaka 2010 kampuni ya Italia inayoitwa Avio Interiors ilionyesha siti waliyoiita SkyRider. Abiria hakai, anaegemea kama aliyepanda farasi, na nafasi iliyotajwa ilikuwa inchi 23. Hiyo ni sentimita 58. Goti langu litakuwa limeshafika safari kabla yangu! Mwaka 2018 wakaileta tena, wameiboresha. Mpaka leo hakuna shirika lililoifunga kwenye ndege zake, lakini mtu hatengenezi kitu mara mbili kama hajaona dalili za mteja. Nasi wa magari ya vijijini tuwadai hakimiliki, manake kusimama nusu na kuegemea nusu tumekufanya miaka mingi.

NDEGE ZETU WENYEWE

Sasa turudi nyumbani. Julai 2018 Dreamliner yetu ya kwanza, Boeing 787-8, ilitua Dar es Salaam. Nchi nzima ilishangilia. Mimi nilikuwa sekondari, walimu walikuwa wanaizungumzia mpaka darasani. Tuliambiwa ina siti 262, na tukashangilia hiyo 262 kama vile ni mabao. 22 ni za biznesi, 240 ni za daraja la kawaida.

Kuna jambo halikuzungumzwa kwenye zile shangwe. Boeing walipokuwa wanaichora ndege hii, mpangilio waliouona wa kawaida kwa abiria wa kawaida ulikuwa siti nane kwa mstari. Mashirika mengi duniani yakasema hapana, wekeni tisa. Mwili wa ndege haukupanuka hata kidogo, kilichopungua ni upana wa siti ya kila mmoja, zaidi ya inchi moja. Japan Airlines walibaki na nane kwenye safari zao za kimataifa. Sisi tukachukua tisa, tatu tatu tatu, kama wenzetu wengi.

Mseme basi kwamba haiwezekani kufanya vizuri? Inawezekana, na shirika letu hili hili limethibitisha. Zile Airbus A220-300 zilizoanza kuja Desemba 2018 zina siti 132, 12 za biznesi na 120 za kawaida, na daraja la kawaida lina siti tano tu kwa mstari, upana zaidi ya inchi 18. Hapo nawapongeza. Ila angalieni kichekesho: ndege yenye siti pana ndiyo ya safari fupi fupi, na yenye siti nyembamba ndiyo iliyopelekwa safari ndefu za Mumbai na Guangzhou. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayekwenda China kufuata mzigo anabanwa usiku kucha, na anayekwenda Dodoma kikaoni anakaa kwa nafasi.

Je, kuna siku wabunge walibishana kuhusu upana wa siti kwa moto ule waliobishana nao kuhusu bei ya ndege? Siikumbuki siku hiyo. Tulihesabu siti, hatukupima siti.

SABABU YA TATU: KILICHOPO JUU KIPO NA CHINI

Niliahidi sababu ya tatu. Ni hii: tabia ya kumbana abiria haijui anga wala ardhi.

Gari letu la kwenda Idodi ni kilomita zisizofika mia kutoka Iringa mjini, na siti ya watu watatu ni siti ya watu wanne tangu enzi. Idadi ya abiria imeandikwa ubavuni kwa rangi, konda anaiegemea hiyo rangi huku anasema, "Sogeeni jamani, kaeni wanne wanne, nyuma kuna nafasi!" Nyuma hakuna nafasi, nyuma kuna ndoo, kuku na mtoto wa mtu.

Bibi yangu alikwenda Dar kutibiwa macho. Alipanda basi la siti tatu kwa mbili, akakaa katikati. Kampuni siitaji. Kuanzia Iringa, kushuka Kitonga na kona zake, kupita Mikumi, kupita Morogoro, mpaka Dar, bibi hakunyoosha mguu. Alipoomba asogezewe kidogo, konda alimjibu, "Bibi, hii siyo ndege." Alishuka miguu imevimba, ukibonyeza kwa kidole panabaki shimo. Shangazi aliyempokea alilia.

"Hii siyo ndege." Yule konda aliamini kwamba kwenye ndege mtu wa kawaida anakaa kama mtu. Nani amwambie kwamba huko juu nako kuna mtu amebanwa, anaambiwa hii siyo biznesi?

Na siyo suala la kudekezana. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti wake kuhusu damu kuganda kwenye mishipa ya wasafiri. Walisema hatari inaongezeka kama mara mbili mtu akisafiri saa nne au zaidi akiwa amekaa bila kujongea, na hilo ni kwa ndege, treni, basi na gari dogo. Kwa mtu mwenye afya njema hatari bado ni ndogo, karibu mtu mmoja kwa kila 6,000, sitaki kuwatisha. Lakini walitaja kwamba watu warefu sana na wafupi sana wako kwenye hatari zaidi. Kwa hiyo goti langu siyo la kuchekwa, mguu wa bibi yangu ndo kabisa.

MAJIBU YA WANAOTETEA

Niwatendee haki. Wanaotetea siti ndogo wana hoja tatu.

Ya kwanza ni bei. Wanasema siti nyingi zinashusha nauli, na nauli ikishuka mlalahoi anapanda ndege. Kuna ukweli. Novemba 2012 Fastjet walipoanza safari nchini wakitangaza nauli kuanzia shilingi 32,000 bila kodi, Watanzania wengi walipanda ndege mara ya kwanza maishani. Hilo lilikuwa jambo jema, na mwisho wa 2018 shirika lile liliposimama wengi walisikitika. Sibezi nauli nafuu hata kidogo, mimi mwenyewe naishi kwa bumu.

Lakini tupige hesabu tuone inchi moja ina bei gani. Chukua ndege ya mfano yenye siti 150, mistari 25 ya siti sita, nafasi inchi 28. Jumla ni inchi 700. Sasa mpe kila abiria inchi 30. Unapata mistari 23, siti 138. Umepoteza siti 12. Kama tiketi ilikuwa 200,000 na ndege inajaa, mapato yalikuwa milioni 30. Gawanya kwa 138 unapata kama 217,400. Yaani inchi mbili kwa kila goti ndani ya ndege nzima ni nyongeza ya shilingi 17,400, tena kama ndege inajaa kila siku. Ikiruka na siti 20 tupu, zile siti 12 hazikuwa na mtu wa kukaa, magoti yetu yamebanwa bure.

Hoja ya pili wanasema siti za siku hizi ni nyembamba mgongoni, kwa hiyo inchi zikipungua goti halijui. Nusu kweli. Mgongo mwembamba unaokoa sentimita chache za goti, sawa. Lakini mgongo mwembamba hauongezi upana wa mabega, na ile nafasi iliyookolewa ilipaswa kuwa ya abiria. Imekwenda wapi? Imekwenda kuongeza mstari mwingine. Ni kama mwenye nyumba apunguze unene wa ukuta, halafu badala ya chumba chako kuwa kikubwa akaingiza mpangaji mwingine.

Hoja ya tatu ndiyo ya jamaa yangu wa kimbweta: hiari. Hukulazimishwa, ungelipia biznesi. Hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote. Kuchagua ni kuchagua kati ya vitu unavyovijua. Tiketi ya ndege inaandika jina langu, tarehe, saa, namba ya safari, hata kilo za begi ninaloruhusiwa. Inchi za siti haiandiki. Begi langu likizidi kilo wanalipima kwenye mzani mbele ya watu na ninalipa. Siti yao ikipungua inchi mbili, mzani uko wapi na nani analipa?

Na linganisheni na basi. Pamoja na maovu yote niliyosema, barabarani angalau kuna daraja lenye maana. LATRA walipotangaza nauli za Desemba 2023, basi la kawaida lilipangiwa shilingi 48.47 kwa kilomita kwa abiria, na la daraja la kati shilingi 67.84. Kwa safari ya kilomita 500 hiyo ni 24,235 dhidi ya 33,920. Na abiria yeyote, hata asiyejua kusoma, anaijua tofauti: hili ni tatu kwa mbili, lile ni mbili kwa mbili. Anaichungulia dirishani kabla hajatoa hela. Sipingi madaraja! Mwenye nacho alale kitandani angani, namtakia usingizi mwema. Ninachopinga ni daraja lisilo na kipimo.

TUNAGOMBANA SISI KWA SISI

Jambo lingine la lumbesa ni kwamba inawagombanisha wasiohusika. Agosti 2014 ndege ya United iliyokuwa inatoka Newark kwenda Denver ililazimika kushuka Chicago kwa sababu abiria wawili waligombana. Mmoja alikuwa amefunga kifaa kinachozuia siti ya mbele isilazwe, ili anusuru magoti yake. Wa mbele alitaka kulaza siti aliyoilipia. Ikawa ugomvi, maji yakamwagwa, wote wawili wakashushwa.

Dunia nzima ikaanza kubishana nani alikosea, wa mbele au wa nyuma. Karibu kila mtu alisahau kumuuliza yule aliyewauzia watu wawili nafasi ile ile moja. Mimi nafasi ya goti nimeilipia, wewe nafasi ya kulaza mgongo umeilipia, na ni sehemu hiyo hiyo ya hewa. Kwetu shamba moja likiuzwa kwa watu wawili hatuwaambii wanunuzi wagawane kwa amani. Tunamtafuta muuzaji.

Kwenye gari la Idodi ni hivyo hivyo. Nimeshuhudia mama mtu mzima na kijana wakitoleana maneno makali kwa sababu ya nyonga, konda anachungulia nje anapiga mluzi.

KABLA HATUJAFIKA PABAYA

Kuna watakaosema starehe siyo haki ya binadamu. Sawa, tuache starehe, tuzungumze kutoka salama. Agosti 22, 1985 ndege ya British Airtours ilishika moto pale Manchester kabla haijaruka. Watu 55 walikufa, wengi kwa moshi, ndege ikiwa chini ardhini. Miaka minne baadaye, 1989, Uingereza ikaweka kipimo cha chini: inchi 26 kutoka mgongo wa siti yako mpaka siti ya mbele. Inchi 26 si neema, lakini angalau mtu alikaa akaandika namba.

Kanuni inayofuatwa na watengenezaji wakubwa ni kwamba ndege iweze kutoa watu wote ndani ya sekunde 90 huku nusu ya milango imefungwa. Vizuri. Lakini FAA walipofanya majaribio ya siti kati ya 2019 na 2020, watu 720 waliotumika walikuwa watu wazima wenye afya, chini ya miaka 60. Watoto hawakuwemo, wazee hawakuwemo, wala walemavu. Bibi yangu hayumo kwenye hesabu hiyo, na wa kwenu hayumo.

Na msidhani Marekani wametatua. Bunge lao lilipitisha sheria mwaka 2018 likiitaka FAA iweke vipimo vya chini ndani ya mwaka mmoja. Mwaka ukapita. Mwaka 2022 wakaomba maoni ya wananchi, yakafika zaidi ya 26,000. Machi 2023 mahakama ikakataa kuilazimisha FAA iharakishe. Kama wenye vyama vya abiria na mawakili wanazungushwa hivyo, sisi tusiosema kitu tutafanywaje?

TUNATAKA NINI?

Mwalimu hatakiwi kulalamika bila jibu, kwa hiyo haya hapa.

1. Kila tiketi ya ndege nchini iandikwe inchi mbili: nafasi ya mbele na upana. Karibu na pale wanapoandika kilo za begi. Wino ni ule ule.

2. Tunalo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, lipo kwa ajili yetu. Walibebe jambo hili mpaka TCAA, lipatikane tamko la kipimo cha chini. Mimi napendekeza inchi 31 mbele na 18 upana. Mwenye namba bora alete.

3. Ndege za serikali zinazokodishwa kwa shirika letu, siku zinapoagizwa, mpangilio wa siti uwekwe mezani pamoja na bei. Tusipewe idadi peke yake ya kushangilia.

4. Huku chini, ile namba iliyoandikwa ubavuni mwa gari iwe amri. Watatu ni watatu. Askari wa barabarani akichungulia ahesabu watu, asihesabu kitu kingine.

Najua wapo watakaoniambia nchi ina matatizo makubwa kuliko magoti, madarasa hayatoshi, dawa hazitoshi. Kweli kabisa. Lakini mwakani au mwaka keshokutwa nitakuwa naingia darasani na chaki, mbele ya watoto watano kwenye dawati la watatu, na wataniuliza kwa nini. Sitaki kuwa mwalimu anayejibu, "Sogeeni, kaeni vizuri, ushukuru umepata dawati." Anayezoea kujibiwa hivyo kwenye gari atazoea kujibu hivyo akipata kiti cha kuamua. Hapo ndipo tofauti yangu na jamaa wa kimbweta ilipo, na nitamwambia tena tukikutana kesho kwenye foleni ya wali maharage.

Mkulima wa Njombe alipoambiwa lumbesa ndiyo desturi ya soko, hakuanza kulima viazi vidogo ili vienee. Alidai mzani. Na sisi tudai tepu.

Naomba kutoa hoja.